Daftari la Wageni Liwe Moja, Milango Iwe Mingi

Katika Kiswahili tuna neno moja, mgeni, linalotosha kuwataja watu wa aina mbili: yule tunayemtandikia mkeka na kumchinjia kuku, na yule tusiyejua atokako wala aendako. Kidholuo, ambacho ndicho lugha ya wengi katika kaunti za Migori na Homa Bay, huwatofautisha wageni kwa namna yake. Wendo ni mgeni wa kukaribishwa. Jadak ni mtu aliyekuja, akapewa mahali pa kujenga, akakaa miongoni mwa wenye ardhi bila ya kuhesabiwa kuwa mmoja wao. Sheria za nchi yetu nazo zilikuwa na neno lake. Hadi mwaka 2011 tulikuwa na sheria iliyomtaja mtu wa taifa jingine kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo katika sinema huitiwa viumbe wa sayari nyingine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ililiondoa neno hilo, ikamwita raia wa kigeni. Lilikuwa badiliko jema. Lakini jina zuri halimsaidii mtu anayeshindwa kuufikia mlango, na makala haya yanahusu mlango.

Ninakusudia kuzungumzia uandikishaji wa wageni wanaoishi na kusoma humu nchini, pamoja na utoaji wa vibali vyao vya kukaa. Kwa miaka mingi shughuli hiyo imekuwa na kitovu kimoja, yaani makao makuu ya Idara ya Uhamiaji katika jumba la Nyayo House, Nairobi. Kila panapotokea hitilafu katika usajili, iwe ni vibali vya bandia, iwe ni wageni wasiojulikana idadi, jibu la haraka la wakubwa huwa ni kukaza kamba: mambo yote yaletwe Nairobi, yaamuliwe Nairobi, yachapishwe Nairobi. Nadhani jibu hilo lina nusu ya ukweli. Nusu ya pili imesahauliwa, na wanaoumia kwa kusahauliwa kwake ni watu wa pembezoni, wakiwamo wa kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza.

Yafaa kwanza msomaji aione nchi yenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana Afrika ya Mashariki kwa mstari unaoanzia mlangoni mwa mto Umba, katika Bahari ya Hindi, ukaishia kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria panapokutana na nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Hakuna aliyewauliza Wakuria, ambao leo wako Kehancha na Isebania upande wa Kenya, na Tarime upande wa Tanzania. Wala hawakuulizwa Wajaluo, ambao wako Nyatike na Muhuru upande huu, na Rorya upande wa pili. Mpaka huo ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Katika miaka hiyo yote watu hawakuacha kuoana, kuzikana na kuuziana ng'ombe. Ndani ya ziwa hali ni hiyo hiyo. Katika kisiwa kidogo cha Remba, Kaunti ya Homa Bay, wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania huishi bega kwa bega, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wanapopimiana samaki.

Kwa hiyo mgeni wa Migori na Homa Bay ana sura tofauti na mgeni wa Nairobi. Mgeni wa Nairobi aghalabu ni mfanyakazi wa shirika la kimataifa au kampuni kubwa, na mwajiri wake humwajiria wakala wa kumshughulikia karatasi. Mgeni wa huku ni mwanafunzi, ni mke wa mtu, ni mvuvi, ni mtawa wa misheni, ni mchuuzi wa mitumba au wa mahindi. Hana wakala. Ana miguu yake na nauli aliyoichanga.

Tuitazame sheria inavyomtaka afanye. Raia wa kigeni anayekaa nchini kwa zaidi ya miezi 3 hana budi kujiandikisha na kupewa cheti chake. Mwanafunzi anatakiwa awe na pasi ya mwanafunzi. Anayeishi bila ya idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 3, au kupewa adhabu zote mbili. Sina ugomvi na matakwa hayo. Kila dola ina haki ya kujua ni nani analala ndani ya mipaka yake. Lakini sheria inayomwadhibu mtu kwa kutofika mahali inapaswa kwanza kuhakikisha kwamba mahali hapo panafikika.

Chukua mfano wa kijana wa kubuni, mzaliwa wa Tarime, aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2016. Kutoka kivukoni Sirari, akapita Isebania na mji wa Migori hadi kufika Rongo, safari yake haifiki kilomita 100. Asubuhi moja inamtosha. Kanuni za Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, zinasema mwanafunzi wa nchi mwanachama apewe pasi yake bila malipo. Mpaka hapo mambo ni shwari. Siku hizi maombi huanzia mtandaoni, kwa hiyo atakwenda katika kibanda cha kompyuta kujaza fomu na kutuma nakala za karatasi zake. Kisha atangoje, kwa kuwa uamuzi uko Nairobi. Picha ikikataliwa, au herufi moja ya jina lake ikitofautiana baina ya cheti cha shule na hati ya kusafiria, au pakihitajika alama za vidole, ndipo safari ya kweli inapoanza. Ofisi ya kanda iliyoko Kisumu iko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini Migori. Suala likishindikana huko, njia ni ya Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Kijana huyu aliyesafiri chini ya kilomita 100 kuja kusoma atasafiri mara tatu ya hizo ili aandikwe kwamba anasoma. Ada imefutwa, nauli imebaki. Na nauli, malazi na siku za masomo zinazopotea ni ada kubwa kuliko ile iliyofutwa.

Hali ya mke aliyetoka upande wa pili wa mpaka ni ngumu zaidi. Katiba yetu inamruhusu mtu aliyekaa katika ndoa na Mkenya kwa miaka isiyopungua 7 kuomba kusajiliwa kuwa raia. Lakini yule aliyeolewa Kehancha au Muhuru, akazaa na kulima, akawa hakuandikwa popote kwa kuwa ofisi ilikuwa mbali na mtoto alikuwa mgongoni, atakapofika mwaka wa nane atakuwa na ushahidi gani? Majirani wanamjua, chifu anamjua, kanisa linamjua. Daftari peke yake ndilo lisilomjua. Mwanamke huyo hakumficha mtu chochote. Ni serikali ambayo haikuwahi kuwa mahali ambapo angeweza kujitokeza.

Sasa tuwape nafasi wanaotetea mpango wa kila kitu kuwa Nairobi, maana hoja zao si za kubezwa. Wanasema kwanza kwamba nchi hii imejeruhiwa. Baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015 ambamo watu 148 waliuawa, hakuna Mkenya anayeweza kulichukulia suala la usajili kwa mzaha. Wanasema pili kwamba ofisi ndogo za mbali ni rahisi kuhongwa. Kwamba afisa aliye peke yake mpakani, asiye na msimamizi, anaweza kuuza kibali kama anavyouza mtu karanga. Wanasema tatu kwamba madaftari mengi huleta mkanganyiko, mtu mmoja akaandikwa mara tatu kwa majina matatu. Mnamo Mei 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliwapa wageni wenye vibali vya kazi siku 60 wajitokeze vibali vyao vihakikiwe, na sababu iliyotolewa ilikuwa ni hiyo hiyo ya vibali vya udanganyifu.

Nazikubali hoja hizo zote tatu. Ninachokataa ni hitimisho linalotolewa kutokana nazo. Hoja hizo zinathibitisha kwamba daftari liwe moja. Hazithibitishi kwamba dirisha liwe moja. Haya ni mambo mawili, na kosa letu limekuwa kuyachanganya. Daftari ni kumbukumbu: nani yuko nchini, kwa idhini gani, hadi lini. Dirisha ni mahali ambapo mtu husimama akaulizwa jina lake. Kumbukumbu inaweza kukaa Nairobi ikawa salama, na madirisha yakawa 47 au zaidi, yote yakiandika katika kitabu kile kile.

Anayedai kwamba jambo hilo haliwezekani na atazame kitambulisho chake mwenyewe. Mtoto wa Nyatike anapotimiza miaka 18 haendi Nairobi kuomba kitambulisho cha taifa. Anakwenda katika ofisi ya usajili ya kaunti yake ndogo, anachukuliwa alama za vidole na picha, jalada linapelekwa makao makuu, na kadi inarudi pale pale alipoombea. Daftari la Wakenya ni moja, milango yake ni mamia. Au na atazame Mpesa, iliyoanza mwaka 2007. Hesabu ya fedha ya kila mteja imo katika mtambo mmoja, lakini wakala yuko Mbita, yuko Sori, yuko Ntimaru, na senti haipotei. Kama mwanamke anayeuza omena anaaminiwa kupokea na kutoa fedha za watu kwa daftari lililoko mbali naye, itakuwaje afisa aliyeapishwa ashindwe kupokea fomu?

Na kwa wanaopenda mifano ya ng'ambo, Ujerumani ina sajili kuu ya wageni tangu mwaka 1953. Ni mojawapo ya sajili kubwa kabisa za dola hiyo. Hata hivyo, mgeni anayeishi katika mji mdogo wa huko haendi mji mkuu kuomba kibali cha kukaa. Anakwenda katika ofisi ya wageni ya mji wake au wilaya yake, na ofisi hizo ni zaidi ya 500. Kinachosafiri ni habari zake. Yeye mwenyewe hubaki kazini au darasani.

Hoja ya rushwa nayo yataka kuangaliwa kwa jicho kali. Rushwa haiogopi jumba refu. Hustawi mahali popote ambapo foleni ni ndefu, uamuzi hauna tarehe, na mwombaji ametoka mbali kiasi kwamba hawezi kurudi kesho. Mtu aliyepanda basi usiku kucha kutoka Migori, akafika asubuhi akiwa na fedha za siku moja, ni windo rahisi la dalali anayezungukazunguka nje ya ofisi yoyote. Mpe mtu huyo huyo dirisha lililo nusu saa kutoka kwake, mpe risiti yenye tarehe ya jibu, naye atakuwa na ubavu wa kusema, nitarudi wiki ijayo.

Hali kadhalika hoja ya usalama. Daftari hulinda nchi kwa kadiri linavyowataja watu waliomo. Tukiwafanya wageni wema washindwe kuandikwa, daftari litabaki na majina ya wenye nauli, na askari wa doria atakuwa hana njia ya kumtenga mwalimu wa misheni na mhalifu, kwa kuwa wote wawili hawana karatasi. Mwenye nia mbaya atatafuta karatasi kwa gharama yoyote. Anayekatishwa tamaa na umbali ni yule asiye na hila.

Tena jambo hili si la hisani tu. Ni amri ya Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 6 kinazitaka taasisi za serikali ya kitaifa zihakikishe kwamba huduma zao zinapatikana kwa kiwango cha kuridhisha katika sehemu zote za Jamhuri, kwa kadiri inavyofaa kulingana na aina ya huduma. Kifungu cha 174, kinachotaja malengo ya ugatuzi, kinataja waziwazi uhamishaji wa shughuli na huduma za dola kutoka mji mkuu. Ni kweli kwamba Jedwali la Nne linaiweka uhamiaji mikononi mwa serikali ya kitaifa. Hakuna anayemwomba gavana wa Migori au wa Homa Bay atoe vibali. Lakini kuwa jambo la kitaifa si kuwa jambo la Nairobi. Taifa liko Isebania pia.

Kama mwalimu wa isimu, siwezi kulimaliza suala hili bila ya kugusa lugha. Katika Jedwali hilo hilo la Nne, uhamiaji na uraia umetajwa katika nafasi ya tatu, na sera ya lugha katika nafasi ya tano. Ni majirani katika Katiba, lakini hawajuani ofisini. Kifungu cha 7 kinasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Tangu UNESCO itangaze mwaka 2021 kwamba Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, viongozi wetu hawakosi hotuba tamu kila mwaka kuhusu lugha inayoiunganisha Afrika Mashariki. Siku ya pili yake mvuvi wa Musoma aliyeko Remba, au mke wa Tarime aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, huletewa maelezo ya Kiingereza cha mawakili na kuambiwa ajaze. Anamlipa mtu amjazie. Aliyejaza anakosea, ombi linakataliwa, na aliyeadhibiwa ni yule ambaye hakuelewa alichotia sahihi. Fomu ya Kiswahili fasaha, yenye maneno yanayofahamika pande zote mbili za mpaka, ni kazi ya majuma machache kwa watu wenye ujuzi. Nchi hii ina vyuo vikuu vingi vyenye idara za Kiswahili. Tuulizwe, tutaifanya.

Tunao pia mfano wetu wenyewe wa gharama ya kuwangoja watu waje katika mji mkuu. Wamakonde wa Kwale walikaa Kenya kwa vizazi bila ya kutambuliwa. Oktoba 2016 waliamua kufunga safari, wakatembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai kuandikwa. Rais Uhuru Kenyatta aliwasikiliza, akatoa amri, na mwaka 2017 vitambulisho vikatolewa huko huko Kwale. Fikiri, msomaji. Watu walilazimika kutembea mamia ya kilomita ili serikali igundue kwamba ingeweza kuwaendea. Sidhani tunahitaji msafara mwingine kutoka Kuria au Suba ili tujifunze somo lile lile.

Basi nini kifanyike? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. La kwanza, vituo vya Huduma, vilivyoanza mwaka 2013 na kuenea hadi katika kaunti zote, viwe na dirisha la wageni. Migori na Homa Bay vituo hivyo vipo. Apangwe afisa wa uhamiaji, hata kama ni siku 2 kwa juma, aje na mtambo wa kuchukua alama za vidole, na siku hizo zitangazwe katika redio za Kidholuo, Kikuria na Kiswahili. Kwa watu wa visiwani, afisa huyo afike Mbita mara moja kwa mwezi, siku ya soko.

La pili, kituo cha pamoja cha mpakani Isebania na Sirari, ambako maafisa wa nchi mbili tayari hukaa chini ya paa moja, kipewe uwezo wa kupokea maombi ya wanafunzi. Mwanafunzi mwenye barua ya chuo aandikwe siku ile ile anayovuka, badala ya kuingia kama mtalii na kuanza kuhangaika baadaye.

La tatu, kila ombi lipewe risiti yenye tarehe ya mwisho ya kujibiwa, na risiti hiyo itambuliwe na polisi kama kibali cha muda. Haifai mtu aliyetimiza wajibu wake akamatwe kwa sababu ya uzito wa ofisi. La nne, fomu na maelezo yote yapatikane kwa Kiswahili.

Yamkini patatokea wa kuuliza kama wageni wa kaunti hizi ni wengi kiasi cha kustahili gharama hizo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Migori ina watu 1,116,436 na Homa Bay 1,131,950, na bila shaka wageni ni sehemu ndogo ya hao. Lakini idadi ya wasioandikwa haiwezi kutumiwa kama sababu ya kutowaandika; hilo ni sawa na kukataa kuchimba kisima kwa hoja kwamba hakuna mtu anayeonekana akiteka maji mahali hapo. Isitoshe, chuo kikuu cha Rongo, na kile chenye jina la Tom Mboya mjini Homa Bay, havikujengwa viwe vya vijiji vinavyovizunguka tu. Chuo kikuu hukua kwa kupokea watu wa mbali. Mwanafunzi kutoka Mara au Mwanza akisikia kwamba mwenzake alipoteza muhula mzima akifuatilia karatasi, atabaki kwao, nasi tutakuwa tumepoteza akili, karo na ujirani kwa pamoja.

Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo husemwa kwa mzaha, lakini ina sheria nzima ndani yake: mgeni akishakaa, apewe nafasi katika kazi za nyumba, ahesabiwe, awajibike. Mwenyeji ndiye anayetoa jembe, na hulitoa pale pale alipo mgeni. Idara ya Uhamiaji inalo jembe hilo. Ilipeleke Migori na Homa Bay, kisha idai kazi.